Lisbon kwa miguu: siku ya kwanza ya watu wawili

Anzeni na viatu. Lisbon imetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kimoja kimoja, na nyayo za watu zimevisugua hadi vinang'aa. Wareno huviita calçada. Mvua ikinyunya tu, mguu unateleza. Baba Zuhura alitoka hotelini na viatu vya ngozi alivyovitunza kwa ajili ya safari, soli laini kabisa. Tulipofika uwanja wa Rossio, ambako vijiwe vimepangwa mfano wa mawimbi ya bahari, alinishika bega mara mbili. Tukarudi akabadilisha. Vaeni raba zenye soli ya kushika, nyote wawili, hata kama picha mnazitaka ziwe za kupendeza.

Halafu kubalianeni nani atatangulia. Sisi aliongoza yeye, kwa sababu goti lake moja si zima. Mwenye mwendo wa haraka akiwa mbele, wa nyuma hushinda akimfukuzia, na ugomvi mwingi wa safarini unaanzia hapo. Mwenye mwendo wa taratibu akae mbele, na mwingine apate nafasi ya kutazama madirisha.

Asubuhi nendeni moja kwa moja mtoni, Cais das Colunas, penye nguzo mbili zilizosimama ndani ya maji ya Tejo. Maji hapo hujaa na kupwa kama kwetu pwani, kwa kuwa bahari haiko mbali. Ngazi za chini zina mwani, msizikanyage. Kaeni juu, mgongo mkiupa mto, mtazame uwanja wa Praça do Comércio. Zamani ikulu ya mfalme ilikuwa hapo. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka, kisha bahari ikapanda, kisha moto ukala kilichobaki. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya, na ndiyo sababu mitaa ya Baixa, hapa katikati ya mji, imenyooka kama mistari ya daftari. Ukilijua hilo mapema, mji unasomeka.

Mkiingia mtaa wa Rua Augusta, inueni macho juu ya tao. Mmoja wa wale waliosimama pale ni Vasco da Gama. Mimi ni wa Mombasa. Shuleni tulisoma kwamba 1498 alipita kwetu mambo yakawa mabaya, akaenda Malindi akapokewa, na nguzo yake iko kule hadi leo. Kumwona amesimama juu ya mji wake, jiwe jeupe, watu wakipita chini na aiskrimu, kulinifanya ninyamaze kidogo. Kaburi lake liko kwenye monasteri ya Jerónimos, mtaa wa Belém, kilomita sita hivi kuelekea magharibi. Msiende siku ya kwanza. Belém inataka siku yake, na isiwe Jumatatu, monasteri inafungwa.

Saa nne tulikunywa kahawa. Wenyeji wakitaka ile ndogo chungu husema bica. Mnywaji wa kahawa chungu ya Mombasa hatashtuka, ila badala ya kashata chukueni pastel de nata, kikeki cha mayai na maziwa kilichobabuka juu. Kuleni mmesimama kwenye kaunta kama wanavyofanya wao. Mara nyingi kukaa mezani nje kunaongeza bei.

Foleni ya lifti ya chuma ya Santa Justa iacheni. Ingieni stesheni ya metro ya Baixa-Chiado bila kukata tiketi, pandeni ngazi za umeme ndefu, mtatokea juu Chiado, na goti la mtu litakuwa limepumzika. Kutoka hapo ni hatua chache hadi kanisa la Carmo, ambalo paa lake lilianguka siku ile ya tetemeko na sehemu kubwa haikurudishwa. Matao yamesimama, juu yake ni mbingu tu. Jumapili hufungwa. Sisi tulikaa humo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na hatukusema mengi.

Chakula cha mchana: mkikaa tu, mhudumu huleta mkate, zeituni na jibini bila kuulizwa. Si zawadi. Mkigusa mnalipa, msipogusa hamlipi. Kwenye mkahawa mmoja sisi tuligusa vyote, tukadhani ni ukarimu, hadi bili ilipofika. Ulizeni prato do dia, sahani ya siku hiyo. Huwa bei nafuu na imepikwa asubuhi ile. Bacalhau ni ng'onda wao, samaki wa chumvi aliyekaushwa, na wakimpika vizuri utakumbuka nyumbani. Bifana ni mkate wa nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize: porco? Nyama ya halali ipo karibu na Martim Moniz, kwenye maduka na mikahawa ya Wabangladeshi.

Alasiri ndiyo ya Alfama, mtaa wa kale wa kilimani. Kupanda msipande kwa miguu. Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya manispaa, bure, imejificha ndani ya jengo la kawaida. Ukitoka juu unavuka kiwanja na kukuta lifti ya pili. Tramu namba 28 ni nzuri kuitazama, lakini hujaa, na wezi wa mifukoni wanaipenda. Mkoba mbele ya kifua.

Alfama ni mtaa wa kupotea kwa hiari. Umekaa juu ya mwamba, ndiyo maana tetemeko liliuachia vichochoro vyake. Jina lenyewe ni la Kiarabu, linatokana na chemchemi za maji moto, ukoo mmoja na hamamu yetu. Mtu wa Mji wa Kale atajikuta anajua la kufanya: nguo zimeanikwa juu ya kichwa, majirani wanaongea dirisha kwa dirisha, kichochoro kinabana hadi mnapita mmoja mmoja. Zimeni ramani ya simu. Mkitaka kutoka, fuateni mteremko, utawafikisha mtoni. Kabla ya hapo tafuteni Miradouro de Santa Luzia, kibaraza chenye vigae vya buluu, mapaa mekundu yakiwa chini yenu.

Humo njiani nilisimama mbele ya duka kwa ajili ya neno moja dirishani: lenço. Leso! Kwetu husimuliwa kwamba leso zilianza na vitambaa vya Wareno vilivyoungwa sita sita. Basi hivi vilikuwa lenços dos namorados, vitambaa vya wapenzi, asili yake Minho, kaskazini mwa Ureno. Msichana alidarizi maua, ndege na maneno ya mapenzi, akampa kijana aliyemtaka. Kijana akikivaa hadharani, amekubali. Maneno yanaandikwa kama yanavyotamkwa, na makosa ya tahajia huachwa yalivyo. Nilimweleza Baba Zuhura kwamba maneno haya ni kama jina la leso, tofauti ni sindano tu. Akaingia dukani peke yake. Tengeni pesa kidogo kwa kitu cha namna hii, na kila mmoja amnunulie mwenzake bila kuandamana.

Jua likianza kushuka, rudini mtoni, tembeeni Ribeira das Naus, ambako zamani merikebu za Wareno ziliundwa, hadi Cais do Sodré. Pandeni feri ya Cacilhas, ng'ambo ya mto, dakika kumi hivi. Kila mtu awe na kadi yake ya nauli, navegante. Watu wawili hawatumii moja. Kwenda, kaeni dirisha la kulia, mwone jua likizama upande wa daraja la 25 de Abril. Kurudi, kulia tena, kwa ajili ya taa za Alfama. Baba Zuhura alikuwa amekifunga kile kitambaa shingoni.