Somo: Kumchagulia mtoto daraja sahihi la besiboli (Little League, Marekani)

Fomu ya usajili ya Little League (chama cha besiboli ya watoto) ina sehemu moja inayowakwaza wazazi wengi wetu huku Marekani: daraja. Mzazi anatazama urefu wa mwanawe, au darasa analosoma, au daraja alilowekwa mtoto wa jirani, anajaza. Wiki chache baadaye mtoto yuko uwanjani anafumba macho kila mpira unapomjia, na msimu ukiisha hataki kusikia besiboli tena. Usajili wa msimu wa machipuko sehemu nyingi hufunguliwa kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujajaza chochote.

Hatua ya 1: Kokotoa umri wa ligi

Umri wa ligi si umri wa mtoto siku unayomsajili. Ni umri atakaokuwa nao tarehe 31 Agosti ya mwaka wa msimu wenyewe. Mtoto aliyezaliwa 20 Agosti 2014 anahesabiwa miaka 12 kwa msimu wa 2026, hata kama Machi, mechi zinapoanza, bado ana 11. Aliyezaliwa 5 Septemba 2014 anahesabiwa 11 msimu mzima. Siku 16 tu kati yao, lakini mmoja yuko mwaka wake wa mwisho wa daraja la Major (miaka 9 hadi 12) na mwenzake amebakiza mwaka mzima.

Hesabu hii ni ya besiboli. Softiboli ina jedwali lake la umri, usichanganye. Na kama ligi ya mtaani kwenu si Little League bali ni PONY au Cal Ripken, uliza tarehe yao ya kukatia umri, kwa sababu kila chama kina kanuni zake.

Hatua ya 2: Yajue madaraja, na zaidi ya hapo ujue uwanja wa kila daraja

Tee Ball ni ya umri wa ligi miaka 4 hadi 7. Mpira unawekwa juu ya kistendi na mtoto anaupiga ukiwa umetulia. Hakuna mrushaji, na mipira inayotumika ni laini.

Minor ni ya miaka 5 hadi 11, na ndani yake kuna madaraja mawili yaliyovaa jina moja. Kuna Minor ambayo kocha ndiye anayewarushia watoto, na kuna Minor ambayo watoto wanarushiana wenyewe. Ukiambiwa tu "tumemweka Minor," rudi uulize ni ipi.

Nasisitiza hapo kwa sababu kutoka Minor ya kocha kwenda Minor ya watoto kurushiana ndiyo ngazi ndefu kuliko zote, kuliko hata ya kutoka Minor kwenda Major. Kocha anarusha taratibu na analenga gongo. Mtoto wa miaka 8 au 9 anayerusha kwa mara ya kwanza hajui mpira wake utaangukia wapi: mmoja unapita juu ya kichwa, wa pili unagonga mavumbi, wa tatu unampata mpigaji mbavuni. Watoto wengi wanaoacha mchezo huu huachia hapo, na sababu ni woga wa kupigwa na mpira. Uwezo wa kupiga wanao.

Major ni ya miaka 9 hadi 12, ingawa ligi nyingi hupunguza upana huo zikaweka 10 hadi 12 au 11 hadi 12. Besi (vituo ambavyo mkimbiaji huvizunguka) ziko futi 60 kutoka moja hadi nyingine (mita 18.3) na mrushaji yuko futi 46 kutoka kwa mpigaji (mita 14). Mechi ni ya zamu 6, na kila zamu timu zote mbili hupiga. Mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira umfikie mpigaji, na haruhusiwi kuteleza kwa kutanguliza kichwa, isipokuwa anaporudi kwenye besi aliyotoka.

Intermediate, miaka 11 hadi 13, wengi huiita 50/70: mrushaji futi 50, besi futi 70. Hapa mkimbiaji anaruhusiwa kuinyatia besi ya mbele kabla mpira haujarushwa, viatu vya meno ya chuma vinaruhusiwa, na mechi inakuwa ya zamu 7.

Junior ni miaka 12 hadi 14, Senior ni 13 hadi 16. Uwanja ni wa watu wazima kamili: mrushaji futi 60 na inchi 6, besi futi 90. Mtoto anayetoka Major moja kwa moja kwenda huko anaongezewa zaidi ya mita 9 kati ya besi na besi. Mpira aliokuwa akiufikisha besi ya kwanza kwa urahisi sasa unadunda mara mbili njiani, na anajaribu kufidia kwa kurusha kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo kiwiko na bega vinapoanza kuuma.

Hatua ya 3: Mpime nyumbani kabla ya majaribio (vikao ambavyo ligi huwapima watoto)

Umri wa ligi unakuonyesha milango iliyo wazi. Mlango wa kuingilia unauchagua kwa kuangalia kama mtoto anaweza kujikinga. Mpira wa kawaida una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Ukirushwa kwa maili 50 kwa saa kutoka futi 46, unamfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.6.

Simama mita 10 kutoka kwake. Anza na mpira wa tenisi, mrushie mara 10 kwa mkono wa juu, usawa wa kifua, kisha rudia kwa mpira laini wa besiboli. Usihesabu mipira aliyodaka tu; hesabu yote aliyoigusa kwa glavu. Akigusa 7 au zaidi bila kugeuza uso, yuko tayari kwa Minor ya watoto kurushiana. Akigusa 4 au pungufu, mwache kwa kocha msimu mmoja zaidi. Katikati ya hapo, mfanyishe mazoezi wiki tatu kisha mpime tena.

Itazame glavu yenyewe. Mpira ulio juu ya kiuno, vidole vya glavu vielekee juu. Ulio chini ya kiuno, vielekee chini. Mtoto ambaye hajafundishwa anadaka kila mpira kwa kiganja kilichotazama juu kama anayekinga maji ya bomba, na mpira wa kifuani unateleza kwenye glavu, unapanda, unamgonga kidevuni. Kosa hili linarekebishwa kwa jioni chache tu uani. Lisiporekebishwa, hata daraja la chini litamwumiza.

Kisha mpe gongo asimame kama mpigaji, nawe mrushie mpira wa tenisi polepole kutoka mita 8. Angalia mguu wake wa nyuma. Ukirudi nyuma kila unaporusha, kabla hata hajaona mpira unaelekea wapi, huyo anaogopa, na daraja la juu litaongeza woga huo.

Hatua ya 4: Karatasi

Ligi inahitaji uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa na uthibitisho kwamba mtoto anaishi au anasoma ndani ya mipaka ya ligi hiyo. Kwa makazi, utatakiwa kutoa nyaraka tatu, moja kutoka kila kundi kati ya makundi matatu yaliyoorodheshwa (kwa mfano leseni ya udereva, karatasi ya serikali, bili ya umeme), au badala yake fomu ya shule anakosoma.

Usilione hili kama usumbufu. Mwaka 2001 timu moja kutoka Bronx ilifutiwa matokeo yake ya mashindano ya dunia ya Little League baada ya kubainika kuwa mrushaji wake alikuwa na miaka 14. Na mwaka 2011 vijana wa Uganda walishinda kanda yao lakini wakanyimwa viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye nyaraka zao hazikulingana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika Williamsport, Pennsylvania, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano hayo. Mtoto anaweza kufanya kila kitu sawa uwanjani akaangushwa na karatasi, kwa hiyo ziweke sawa mapema.

Hatua ya 5: Majaribio

Mtoto anatakiwa kuhudhuria angalau nusu ya vikao vya majaribio. Siku hiyo muulize mratibu mambo matatu: daraja hili linachukua umri gani hapa kwenu, nani anarusha, na mwaka jana watoto wa umri wa wangu wengi walicheza daraja gani. Jibu la swali la tatu lina thamani kuliko hayo mengine.

Na usitishwe na ada. Kwa kanuni za Little League, kushindwa kulipa ada hakumzuii mtoto kucheza. Mwambie mratibu faragha, utaratibu upo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama, Louisville: Karatasi za mwanangu tulizopewa kwenye kambi ya wakimbizi zinasema 1 Januari 2014. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, najua ni Novemba 2014. Nifanyeje?

Pole mama, jambo hili limewapata wengi waliopita kambini. Ligi inafuata karatasi. Kwa karatasi, mwanao ni wa miaka 12 msimu wa 2026. Kwa tarehe yako ni wa 11. Kawaida mtoto wa umri wa ligi 12 lazima awekwe Major. Hata hivyo, kanuni inaruhusu abaki Minor ukikubali wewe mzazi na msimamizi wa wilaya ya Little League akaidhinisha kwa maandishi. Mwombe mratibu mapema, kabla timu hazijagawanywa. Usijaribu kubadilisha tarehe kwenye fomu ili ilingane na unayoijua; ikigundulika, ni mtoto atakayeondolewa mbele ya wenzake.

Baba, Dallas: Kijana wangu ana umri wa ligi 10 lakini ni mrefu kuliko wa miaka 12. Kocha anamtaka Major. Nikubali?

Ndugu, kimo hakidaki mpira. Muulize kocha atamchezesha nafasi gani. Kanuni inampa kila mtoto angalau kukaa uwanjani akilinda mpaka wapinzani 6 watolewe, na kupiga mara 1 kwa mechi, na mtoto mdogo kwenye timu ya wakubwa mara nyingi huishia kwenye kiwango hicho, akiwa pembeni kulia ambako mipira ni michache. Huko Minor angerusha, angedaka, angepiga mara tatu. Kama amefaulu kipimo cha hatua ya 3 kwa mpira mgumu na kocha anamhitaji ndani ya uwanja, kubali. Vinginevyo mbakishe.

Mama, Columbus: Mtoto ana miaka 13 na hajawahi kucheza. Amechelewa?

Hajachelewa. Kama ligi yenu ina Intermediate, mpeleke huko badala ya Junior. Umri wa ligi 13 unaruhusiwa, na besi za futi 70 zinampa nafasi ya kujifunza kurusha bila kuulazimisha mkono. Mwakani ataingia uwanja mkubwa akiwa na msingi.

Mjomba, Phoenix: Nilimnunulia mpwa wangu gongo la bei kali, mwamuzi akalikataa. Lina muhuri wa USSSA.

Mjomba, muhuri huo ni wa chama kingine. Tangu 1 Januari 2018 Little League inataka magongo yenye alama ya USA Baseball (chama cha taifa cha besiboli) kwa watoto wa Major na chini yake. Lirudishe kama bado linarudishika. Ukinunua jingine, mwambie alishike kwa mkono mmoja alionyoosha pembeni kwa sekunde 20. Likianza kutetemeka na kushuka kabla ya hapo, ni zito kwake. Gongo jepesi la bei nafuu litampa mapigo mengi zaidi.

Baba, Buffalo: Wangu ana miaka 11 na ni mrushaji. Anachezea Little League na timu ya kusafiri pia, iliyo nje ya ligi. Kuna ubaya?

Upo, na huu ndio tunaouogopa kuliko yote. Little League inamwekea mtoto wa miaka 11 na 12 kikomo cha mipira 85 kwa siku. Akirusha 66 au zaidi anapumzika siku 4. 51 hadi 65 siku 3. 36 hadi 50 siku 2. 21 hadi 35 siku 1. Lakini mwandishi wa mechi za ligi haoni anachokirusha Jumapili na timu nyingine. Beba daftari, jumlisha mwenyewe, na umpe kila kocha jumla hiyo kabla ya mechi. Mwongozo wa Pitch Smart wa MLB (ligi kuu ya kulipwa) na USA Baseball unashauri watoto wa miaka 9 hadi 12 wasizidi zamu 80 za kurusha kwa mwaka, na wapumzike kurusha miezi 4, angalau 2 au 3 kati yake ikiwa mfululizo. Akisema kiwiko kinauma kwa ndani, harushi tena siku hiyo, hata kama mechi ni ya fainali.

Dada, Portland, Maine: Binti yangu anataka besiboli, siyo softiboli. Na kaka yake anatumia kiti cha magurudumu. Kuna nafasi kwao?

Kwa wote wawili, dada. Wasichana wanaruhusiwa Little League tangu 1974, na umri wa ligi unahesabiwa vilevile kama wa wavulana. Mwaka 2014 Mo'ne Davis alirusha mechi nzima kwenye mashindano ya dunia bila timu pinzani kupata hata pointi moja. Kwa kaka yake kuna daraja la Challenger, lililoanzishwa 1989 kwa watoto wenye ulemavu wa mwili au wa akili: miaka 4 hadi 18, au mpaka 22 kama bado yuko shule. Kila mchezaji anaweza kuwa na mwenzake wa kumsaidia kupiga na kuzunguka besi. Kama ligi yenu haina, uliza ligi jirani, maana Challenger mara nyingi huendeshwa na ligi kadhaa kwa pamoja.