Unataka kazi ya kukimbiza farasi wa mashindano? Anzia Mufindi

Kamwene. Vijana wa hapa Mafinga wakisikia nilikuwa napanda farasi wa mashindano Nairobi, huuliza kwanza mshahara, halafu kama nimewahi kushinda. Sijawahi, maana sikuwahi kushindana. Siku ya mbio anayepanda ni joki. Mimi nilikuwa mpanda mazoezi: alfajiri nawapanda farasi haohao ili joki akute mnyama aliyeiva. Kazi hii haikubani kwenye uzito kama ujoki. Joki anahangaika kubaki kwenye kilo 50 na kitu, wewe ukiwa na 60 na kidogo bado unakubalika.

Huku kwetu hakuna uwanja wa mbio wa kukuajiri, kwa hiyo ajira yenyewe ni ya nje. Lakini pa kujifunzia papo. Mufindi na Iringa kuna wenye farasi wa kupandisha watalii, na baridi yetu inawafaa kuliko mabondeni kwenye mbung'o na usubi. Nenda kaombe usaisi. Ndiyo, usaisi: kuzoa mavi, kubadilisha nyasi za kulalia, kupiga brashi, kuchokonoa kwato, kufunga tandiko na lijamu, yaani chuma cha mdomoni. Usione haya, mdogo wangu. Hakuna mkufunzi atakayekukabidhi farasi wa mamilioni kama hujui hata kumsogelea bandani: unamwendea begani upande wa kushoto, unamsemesha kabla hujamgusa, wala hupiti nyuma yake kimyakimya.

Ukishaaminika, omba kuwapanda siku ambazo hakuna wageni. Panda bila kutia miguu kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole za kurukaruka, mpaka mapaja yawake moto. Aliyekulia na punda wa mkokoteni asijidanganye. Woga hatakuwa nao, lakini mkono wake bado ni mzito.

Mkono ndio kazi yenyewe. Farasi wa watalii ukivuta hatamu anasimama. Farasi wa mbio ukimvuta mfululizo anaegemea lijamu na kuongeza mwendo, na hapo mtu wa kilo 60 anashindana nguvu na mnyama wa kilo 500. Huwezi. Dawa yake ni daraja: shika hatamu zote mbili kwa kila mkono, zipishane juu ya shingo, kipande cha katikati kilale mbele kidogo ya tandiko. Akivuta, anavutana na shingo yake mwenyewe, si na mabega yako. Fupisha vikuku, inua makalio, mgongo ulale, ngumi zitulie. Kisha bana na uachie, bana na uachie, kwa vidole tu. Wengi wanadhani tunalipwa kumkimbiza farasi. Kukimbia anajua tangu azaliwe. Tunalipwa kumzuia asimalize nguvu kabla ya siku yake.

Pia utahitaji saa kichwani. Uwanjani wanapima kwa falongi, mita 200 hivi. Mkufunzi akisema leo falongi moja kwa sekunde 15, hataki 13. Jifunzie mapema: pima mita 200 kwenye barabara ya vumbi, hesabu moyoni ukiwa juu ya farasi, mwenzako ashike saa ya simu pembeni.

Ukishuka, kazi haijaisha. Pitisha kiganja kwenye kano za miguu ya mbele, chini ya goti. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, sema asubuhi hiyohiyo, hata kama farasi ataondolewa kwenye mbio na bosi atanuna. Mpanda anayeficha hadumu.

Sasa safari. Shika pasipoti, barua ya shamba ulikofanyia kazi, na video fupi ukiwa umepanda. Kutoka Mafinga unapita Iringa, Dodoma, Arusha, unavukia Namanga. Nairobi uliza uwanja wa Ngong, unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya, na ufike mapema asubuhi wakati mazoezi yanaendelea. Mchana utakuta watu wamelala. Zungumzeni kibali cha kazi kabla hujahamisha begi. Uliza pia kama malipo ni ya mwezi au kwa kila farasi unayempanda, na ukianguka nani analipa hospitali. Kuanguka utaanguka, kwa hiyo kofia ngumu na fulana ya kukinga kifua ziwe zako mwenyewe, si za kuazima.

Dubai na Uingereza nako wapanda wanahitajika, lakini wanataka uzoefu wa farasi wa mbio, si wa watalii. Wakala akikudai pesa ya "kukuunganisha" kabla hujaona mkataba, achana naye. Zizi linalokutaka kweli litataka kwanza kukuona umepanda.