Jinsi ya kutowachanganya Waguelfi na Waghibellini

Ukisoma habari za Italia ya karne ya 13, makundi haya mawili ya kisiasa utakutana nayo kila ukigeuza ukurasa. Vitabu vingi vinamaliza kazi kwa sentensi moja: Waguelfi ni watu wa Papa, Waghibellini ni watu wa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma. Si uongo, ila ukiishia hapo utakwama mapema. Mimi nakushauri uanzie Ujerumani, majina yalikozaliwa.

Welf ni ukoo uliotawala Bavaria. Ulimi wa Kiitaliano ukaugeuza Guelfo. Waiblingen ilikuwa ngome ya mahasimu wao, ukoo wa Hohenstaufen wa Swabia, nayo ikawa Ghibellino. Kwa hiyo jina moja ni la watu, la pili ni la mahali. Utaambiwa pia kwamba majina hayo yalikuwa miito ya vita Mfalme Konrad III wa Hohenstaufen alipouzingira mji wa Weinsberg mwaka 1140. Ipokee kama simulizi tu.

Hohenstaufen wakaja kushika ukaisari, wakagombana na mapapa na miji ya kaskazini mwa Italia. Aliyewapinga akajipachika jina la mahasimu wao, Welf. Hapa kuna mtego ninaoupenda sana: Otto IV, Welf halisi wa damu, alivishwa taji la ukaisari na Papa Innocent III mwaka 1209, na mwaka uliofuata Papa huyohuyo akamtenga na Kanisa. Mwenye jina la Kiguelfi ndiye aliyekuwa Kaisari, tena adui wa Papa!

Kwa hiyo usiulize mji fulani ulimpenda nani. Uliza jirani yake ni nani. Florence ilipokuwa ya Kiguelfi, Siena ilisimama upande wa pili, na tarehe 4 Septemba 1260 ikaichapa Florence pale Montaperti, ikisaidiwa na askari wa farasi wa Kijerumani wa Manfred, mfalme wa Sicily wa ukoo wa Hohenstaufen. Manfred alipouawa Benevento mwaka 1266 upepo ukageuka, na baada ya miaka michache Siena yenyewe ikawa ya Kiguelfi.

Kila jina liandikie mwaka wake pembeni. Dante, mshairi wa Florence, alipigana katika vita vya Campaldino mwaka 1289 upande wa Waguelfi. Waghibellini wa Florence walipoishiwa nguvu, washindi wakagawanyika makundi mawili yaliyoitwa Weusi na Weupe. Dante, Mweupe, akafukuzwa mjini mwaka 1302 na Waguelfi wenzake. Baadaye huyohuyo akaweka matumaini yake kwa Kaisari Henry VII.

Ukifika Italia, waongoza watalii watakuonyesha meno ya juu ya kuta: ya mraba ni ya Waguelfi, yaliyopasuka kama mkia wa mbayuwayu ni ya Waghibellini. Usiyategemee. Mengi yalijengwa upya karne nyingi baadaye, na Palazzo Vecchio, jumba la kale la Florence, ina ya aina zote mbili, ya mraba kwenye jengo na ya mbayuwayu kwenye mnara.