Somo: Kuhesabu kurasa zinazotazamwa kwenye tovuti ya JavaScript bila kuhesabu moja mara mbili

Ninaandika somo hili kwa sababu wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, na wawili kati ya waulizaji walikuwa wameketi meza moja ya kahawa hapa Mwanga, Kigoma.

Kwanza, fungua akaunti ya Google Analytics, huduma ya Google ya kupima matembezi ya tovuti.

Pili, nakili kitambulisho kinachoanza na G-. Vya zamani vya UA- viliacha kupokea data Julai 2023.

Tatu, bandika msimbo wa gtag.js, yaani msimbo wa Google unaotuma hesabu hizo, kwenye index.html, mara moja tu.

Nne, hapa ndipo nilipoaibika. Tovuti ya ukurasa mmoja haipakiwi upya mgeni wa duka anapotoka kwenye ukurasa wa vitenge kwenda kwenye wa mawese, bali anwani tu ndiyo hubadilika. Kwa hiyo niliandika msimbo wangu wa kutuma page_view, tukio la ukurasa kutazamwa, kila anwani inapobadilika, nisijue kwamba upimaji ulioboreshwa (Enhanced measurement) wa Google Analytics, ambao huwashwa tangu mwanzo, ulikuwa unafuatilia historia ya kivinjari na kutuma tukio lilelile. Mwezi mzima nilimpelekea mwenye duka hesabu ya kurasa zilizotazamwa iliyokaribia maradufu, naye akawa ananiuliza mbona simu haiiti. Chagua njia moja: uuachie mfumo kazi hiyo, au uzime ufuatiliaji huo wa historia, uweke send_page_view kuwa false kwenye msimbo wa gtag.js ili usitume wenyewe, kisha utume mwenyewe. Usichanganye!

Tano, bofya kiungo kimoja na utazame ripoti ya wakati halisi: page_view iongezeke moja.

Maswali ya wanachama

— Nimeweka asubuhi, ripoti tupu. Haifanyi kazi.

Umefika hatua ya tano? Ripoti za kawaida huweza kuchukua saa 24 hadi 48.

— Ndugu, nami ninayeifungua tovuti yangu kutwa nahesabiwa?

Unahesabiwa, na umeuliza vyema. Kuchuja kwa anwani ya IP hakutusaidii sana sisi wa bando la simu, kwa kuwa anwani hiyo hubadilika. Mimi huweka alama kwenye localStorage, hifadhi ya kivinjari, ya simu yangu, na msimbo ukiikuta haupakii gtag.js.

— Namba ya simu ya mteja nayo niitume Google Analytics?

Hapana. Google wenyewe wanakataza, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kagua pia fomu zako: inayotumia GET huiandika namba kwenye anwani ya ukurasa, na anwani hiyo husafiri pamoja na page_view. Tumia POST, ambayo haiiweki namba kwenye anwani.