SOMO: Jinsi ya kuiga minara inavyopokezana simu kwa Python

Wakuu, kila muhula miradi ya mwisho ikikaribia napata ujumbe uleule: "Mbona mtumiaji wangu anarukaruka kati ya minara?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Hatua ya 1. Weka mnara A kwenye mita 0, B kwenye mita 1,000. Barabara ipite mita 50 pembeni ya minara, la sivyo umbali utafika sifuri na logi ya Hatua ya 3 itagoma.

Hatua ya 2. Mtumiaji aende 60 km/h. Pima kila sekunde 0.1, yaani kila mita 1.67.

Hatua ya 3. Upotevu wa nguvu kwa dB (desibeli) ni 128.1 + 37.6 × log10(d), d ikiwa kwa kilomita. Ni kanuni ya mjini ya 3GPP, jumuiya inayoweka viwango vya mitandao ya simu, kwa masafa ya 2 GHz. Minara ikirusha 46 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), katikati ya njia utapokea kama -71 dBm kutoka kila upande.

Hatua ya 4. Kivuli. Majengo na miti hubadilisha nguvu unayopokea, nasi tunaiga hilo kwa namba za nasibu zenye mchepuko wa 8 dB. Mimi nilichota namba mpya kila kipimo. Mtumiaji akawa anahama mnara mara kadhaa kwa sekunde moja. Nikapandisha kizingiti, yaani kiasi ambacho mnara jirani lazima uzidi ndipo mtumiaji ahame, hadi 12 dB ili grafu itulie, nikapeleka ripoti. Msimamizi akaweka kidole kwenye grafu: "Hili jengo linahama kila mita moja na nusu?" Nilirudia sura nzima. Kivuli cha sasa lazima kikumbuke cha nyuma:

S = ρ × S ya nyuma + 8 × √(1 − ρ²) × N
ρ = e^(−Δd/50)

S ni kivuli kwa dB, ρ ni kiasi ambacho kivuli kinakumbuka cha nyuma, N ni namba ya nasibu ya kawaida (wastani 0, mchepuko 1), Δd ni mita ulizosogea. Hapa ρ inatoka 0.967, kwa hiyo kila kipimo kinaongeza mtikisiko wa kama 2 dB tu. Angalieni: kila mnara una kivuli chake, thamani ya kwanza ichotwe kwa 8 × N, isianze na sifuri, ukibadili mwendo, kokotoa ρ upya.

Hatua ya 5. Hamisha mtumiaji pale mnara jirani unapouzidi unaomhudumia kwa 3 dB mfululizo kwa milisekunde 256. Sharti likikatika, kihesabio kirudi sifuri.

Hatua ya 6. Akirudi mnara alikotoka kabla ya sekunde 1, hesabu kuwa ni kurukaruka. Endesha mara 500 kwa mbegu tofauti (namba inayoanzisha namba za nasibu), chukua wastani.

MASWALI

– Mkuu nimefuata yote bado anarukaruka. Nawasilisha kesho!
– ρ yako ni ngapi?
– Hiyo niliiruka, niliona ngumu.
– Basi hukufuata yote. Hatua ya 4.

– Tuma msimbo mzima tafadhali.
– Situmi. Kanuni zote ziko hapo juu, andika.

– Samahani mwalimu, nimejaribu milisekunde 256 na 300, majibu yanafanana kabisa. Nimekosea wapi?
– Hujakosea, na umeona jambo ambalo sikulieleza. Tunapima kila milisekunde 100, kwa hiyo 256 inasubiri mpaka 300. Shusha kipimo hadi milisekunde 20, ρ iwe 0.993, utaona tofauti. Ahsante sana.

– Nataka kuiga abiria wa SGR, 160 km/h. Nibadili nini?
– Swali zuri. Kwa kipimo cha sekunde 0.1 unasogea mita 4.4, ρ inashuka hadi 0.915. Ndani ya milisekunde 256 treni imeshakata mita 11. Abiria wa behewa moja wape kivuli kimoja, maana wanapita pamoja nyuma ya kilima kilekile. Halafu tafuta kanuni ya 3GPP ya vijijini, hii ya mjini haifai porini.

– Nyongeza: kwenye grafu paka kila mnara rangi yake, na mstari ufuate rangi ya mnara unaohudumia. Kurukaruka utakuona kwa macho kabla hujahesabu.
– Naam, fanyeni hivyo. Na mkihamia ns-3, programu ya kuiga mitandao, kanuni yake ya kuhamisha mtumiaji iitwayo A3 inaanza na hizohizo 3 dB na milisekunde 256, ila unganisheni minara kwa X2, kiungo cha mnara kwa mnara, kwanza.