Skripti ya usanidi inapojibu "hapana" isiyo ya kweli: somo kuhusu kompaila kali

Ndugu wanachama,

Jumamosi iliyopita, hapa Mbeya, tulijenga upya programu moja ya zamani kwenye kompyuta yenye GCC 14 (GCC ni kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa C kuwa programu inayoendeshwa). Skripti ya usanidi (`configure`) ilipita bila kulalamika, amri ya ujenzi `make` ikamaliza kazi, na programu ikafunguka. Tulipoilinganisha na nakala iliyojengwa mwaka juzi ndipo tulipogundua kwamba nakala mpya imeiacha `snprintf` ya mfumo (fanksheni ya kuandika maandishi ndani ya nafasi yenye kikomo) na kutumia mbadala wake dhaifu uliomo ndani ya kifurushi. Ningependelea ujenzi ungekwama kabisa, kwa maana ujenzi uliokwama humlazimisha mtu atafute sababu.

Chanzo chake ni cha siku nyingi. Lugha ya C ya mwaka 1989 ilimruhusu mwandishi kuita fanksheni ambayo hajaitangaza, na hata kuacha kutaja aina, kompaila ikachukulia kuwa ni `int`. Kiwango cha mwaka 1999 kiliiondoa ruhusa hiyo, lakini kwa zaidi ya miaka 20 kompaila nyingi ziliendelea kutoa onyo tu. Clang 16, toleo la kompaila nyingine lililotoka Machi 2023, iliyageuza maonyo hayo kuwa makosa. GCC 14 ikafuata Mei 2024, ikiongeza kwenye orodha hiyo kuchanganya namba na vielekezi (vigeu vinavyoshika anwani za kumbukumbu), na kuchanganya vielekezi vya aina zisizopatana.

Skripti ya usanidi huuchunguza mfumo kwa kuandika viprogramu vidogo na kuvipitisha kwenye kompaila. Kimoja kikikataliwa, skripti haina njia ya kujua kama mfumo umekosa kitu au kiprogramu chenyewe kimeandikwa vibaya. Ni kama kumtuma mtoto soko la Mwanjelwa akaulize kama kuna viazi, akazuiwa getini, kisha akarudi nyumbani na kusema viazi hakuna.

Hatua ya kwanza: linganisha majibu mawili. Anza na msimbo chanzo ambao haujasanidiwa (kama umeshasanidiwa, endesha kwanza `make distclean`), kisha fanya usanidi mara mbili katika saraka tofauti.

```
mkdir kali legevu
(cd kali && ../configure CFLAGS="-g -O2")
(cd legevu && ../configure CFLAGS="-g -O2 -fpermissive")
diff kali/config.h legevu/config.h
```

Katika GCC 14, `-fpermissive` ndani ya CFLAGS (machaguo ya kompaila) huyarudisha makosa haya mapya kuwa maonyo. Skripti huandika majibu yake ndani ya `config.h`, kwa hiyo kila mstari utakaotofautiana humo ni jibu lililobadilishwa na ukali wa kompaila, wala si na mfumo wako.

Hatua ya pili: soma `config.log` ya saraka kali. Humo ndimo skripti huandika kila kiprogramu kilichoshindwa pamoja na maneno ya kompaila.

```
grep -nE 'Wimplicit|Wint-conversion|Wincompatible-pointer' kali/config.log
```

Hatua ya tatu: rekebisha jaribio lenyewe. Letu lilikuwa na sura hii:

```
main()
{
  char b[8];
  exit(snprintf(b, 4, "Mbeya") != 5);
}
```

Lilitaka kujua kama `snprintf` hurudisha urefu wa neno zima hata nafasi isipotosha, na swali hilo ni la msingi. Lakini `main` haina aina, na `exit` na `snprintf` hazijatangazwa, kwa hiyo GCC 14 hulikataa kabla halijaendeshwa. Tuliliandika upya hivi:

```
#include <stdio.h>

int main(void)
{
  char b[8];
  return snprintf(b, 4, "Mbeya") != 5;
}
```

Unapoliweka ndani ya `configure.ac` (faili ambayo zana ya Autoconf huitumia kutengeneza skripti ya `configure`), lizungushie mabano mraba mawili mawili, `AC_LANG_SOURCE([[ ... ]])`, la sivyo m4, programu inayosoma faili hiyo kwa niaba ya Autoconf, itayameza mabano ya `b[8]`, nawe utapata kosa jipya lisilohusiana kabisa na la kwanza. Mimi lilinipotezea jioni nzima.

Hatua ya nne: endesha `autoreconf -fi` ili `configure` itengenezwe upya, kisha rudia hatua ya kwanza mpaka `diff` inyamaze.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Iringa, na kompyuta yangu ina Ubuntu 24.04 yenye GCC 13. Nifanyeje mazoezi bila kumaliza bando kwa kupakua mfumo mpya?*

Marahaba. Kwenye saraka kali weka `-Werror=implicit-function-declaration -Werror=implicit-int -Werror=int-conversion -Werror=incompatible-pointer-types` ndani ya CFLAGS, na saraka legevu iache bila chaguo lolote la ziada. Usiweke `-Werror` tupu wakati wa usanidi, kwa sababu itaangusha hata majaribio mazuri kwa onyo dogo tu.

*Kwa nini tusibaki na `-fpermissive` siku zote?*

Kwa kupima, itumie. Kwa kazi ya kudumu, kumbuka kwamba fanksheni isiyotangazwa huchukuliwa kuwa inarudisha `int`, ambayo kwenye kompyuta zetu ina biti 32, ilhali kielekezi kina biti 64. Nusu ya anwani inaweza kupotea, na programu ikaanguka mbali kabisa na mahali kosa lilipo.

*Nikipata Autoconf 2.72 na kuendesha `autoreconf`, si yatakuwa yamekwisha?*

Yatakwisha yale yaliyotokana na makro (amri fupi zinazopanuliwa kuwa majaribio) za Autoconf yenyewe. Majaribio ambayo mwenye programu aliyaandika kwa mkono, ndani ya `configure.ac` au saraka ya `m4`, yatabaki vilevile.

*Je, `AC_CHECK_FUNCS` nayo imeathirika? Ninaitumia kila mahali. (Njombe)*

Hapana. Makro hiyo huitangaza fanksheni yenyewe na kupima tu kama kiunganishi (programu inayounganisha vipande vya programu na maktaba zake) kinaiona.

*Kifurushi changu kina `configure` tu, `configure.ac` haimo.*

Fungua `configure` ulitafute jaribio. Limo humo kama lilivyo, na unaweza kulirekebisha papo hapo. Kama jibu lake huhifadhiwa katika kigeu kinachoanza na `ac_cv_`, unaweza pia kukipa thamani sahihi kwenye mstari wa amri, ila uwe umehakikisha jibu hilo kwa kukiendesha kiprogramu mwenyewe.

*Na GCC 15?*

Hiyo imeifanya C23, kiwango kipya cha lugha ya C, kuwa chaguo-msingi: `bool` sasa ni neno la lugha, na mabano matupu katika tangazo la fanksheni humaanisha haipokei kitu. Msimbo wa zamani ukikwama hapo, jaribu kwanza `-std=gnu17`, lakini viprogramu visivyotangaza fanksheni zake havitaponywa na chaguo hilo.