Kuuguza mgonjwa wa kitandani nyumbani bila kuumia mwenyewe: panga usiku kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayemuuguza nyumbani mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani: mama aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, baba aliyevunjika nyonga, shangazi ambaye miguu imemwishia nguvu. Kazi yangu ni kuwafuata wagonjwa wa aina hiyo majumbani kwao, na mara nyingi anayenitia wasiwasi zaidi ni yule aliyenifungulia mlango.

Nimeuandika baada ya kumsaidia binti mmoja wa Temeke anayemuuguza mama yake. Kila aliyekuja kuwapa pole alimwambia ajikaze, ale vizuri, afanye mazoezi, aache mawazo. Ushauri wote huo ni mwema. Hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi.

Mimi naanza na hilo. Mtu aliyekosa usingizi anakosa subira, chakula hakimpiti kooni, mgongo unamuuma zaidi ya jana na machozi yanamtoka kwa jambo dogo. Kumwambia mtu huyo aanze kukimbia alfajiri ni kumwongezea mzigo. Akilala, mengine mengi atayashika mwenyewe bila kusukumwa.

Andaa daftari, kalamu, saa ya mezani yenye kengele, mito minne na kanga mbili.

Hatua ya 1: Andika siku nzima ilivyo

Kwa saa 24 andika kila unachofanya na muda wake: kugeuza, kuosha, kulisha, dawa, kufua, kuamshwa. Andika kwenye karatasi. Programu za simu za kujaza ratiba sizipendi kwa kazi hii, maana ukishika simu saa 9 usiku kuandika neno moja utajikuta unasoma meseji za kikundi hadi saa 10. Ukurasa huo utauhitaji kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Panga usiku

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Unachotafuta ni kipande kimoja cha usingizi usiokatwa, cha saa nne au tano, kila usiku. Mtu mzima anahitaji walau saa saba kwa siku; zilizobaki utazipata mchana mgonjwa akisinzia. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takribani dakika 90, na anayeamshwa kila baada ya muda mfupi hafiki mbali kwenye mizunguko hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa kitandani saa nane na kuamka amechoka kama hakulala.

Sasa angalia daftari lako: nini kinakuamsha? Kwa kawaida ni vitu vinne. Kumgeuza mgonjwa, mkojo, mgonjwa kuita, na simu yako.

*Kumgeuza.* Mliporuhusiwa hospitalini mliambiwa mumgeuze kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Agizo hilo ni sahihi, na kwa wagonjwa wengi linabaki hivyo hivyo. Lakini halina maana kwamba kila mgonjwa, kwenye kila godoro, lazima ageuzwe kila saa mbili usiku kucha. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mgonjwa mwenye hatari ya vidonda abadilishwe mkao walau kila saa sita, na mwenye hatari kubwa walau kila saa nne. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwenye nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada, uliwalinganisha waliogeuzwa kila saa mbili, tatu na nne wakiwa wamelala kwenye magodoro ya sponji nzito. Vidonda havikutofautiana.

Zingatia hayo maneno "sponji nzito". Kabla hujarefusha muda hata kwa dakika kumi, haya yote yawe yametimia:

Godoro liwe zima. Pitisha kiganja kati ya godoro na chaga, usawa wa makalio ya mgonjwa. Ukihisi uzito wake unakukandamiza mkono, godoro limekwisha. Endelea na saa mbili hadi mpate lingine. Kama familia ina fedha ya kununua kitu kimoja tu, wanunue godoro kabla ya kiti cha magurudumu.

Ngozi iwe salama. Ikague asubuhi na jioni kwenye mwanga: mwisho wa uti wa mgongo, nyonga zote mbili, visigino, viwiko, mabega, masikio. Vitabu vingi vinakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na nimeona vidonda vikianza chini ya macho ya watu makini kwa sababu walikuwa wanasubiri rangi ambayo haikuja. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi ya jirani zake au inayong'aa, kisha iguse kwa mgongo wa mkono: ina joto au baridi kuliko pembeni? Imekuwa ngumu, au inabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Linganisha na upande wa pili wa mwili.

Mgonjwa asiwe na kidonda tayari, asiwe amekonda hadi mifupa inajitokeza, na asiwe analala kwenye nepi iliyolowa.

Na muuguzi au daktari anayemfuatilia awe amemwona na kukubali. Mimi simwoni mgonjwa wako.

Yakitimia yote, nenda polepole. Usiku wa kwanza na inayofuata geuza kila saa tatu, ukague ngozi kila asubuhi. Ikiwa safi kwa wiki nzima, jaribu saa nne. Alama yoyote ambayo haijaondoka nusu saa baada ya kumtoa kwenye upande ule, rudi kwenye saa mbili siku hiyohiyo na umjulishe muuguzi. Mchana usirefushe, maana mko macho.

Namna ya kumlaza nayo ina uzito wake. Usimlaze ubavu kamili, kwa sababu mwili wote unashukia mfupa mmoja wa nyonga. Muinamishe kidogo tu, mto mmoja ukimshikilia mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya misuli ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Ile pete ya mpira ambayo watu hununua ili mgonjwa aikalie, iacheni dukani: inabana ngozi inayoizunguka na kuzuia damu. Na sehemu iliyobadilika rangi usiisugue mafuta kwa nguvu.

*Mkojo.* Usimpunguzie maji mgonjwa. Hamishia maji mengi asubuhi na mchana, na baada ya magharibi mpe kidogo kidogo. Kama anameza dawa ya kupunguza maji mwilini, mfano furosemide, muulize daktari au mfamasia kama inaweza kumezwa asubuhi. Usiihamishe kwa uamuzi wako. Nepi ibadilishwe wakati uleule wa kumgeuza, ili usiamke mara mbili.

*Kuita.* Mpe kengele ndogo mkononi upande wenye nguvu. Aliye kwenye zamu alale karibu naye; asiye na zamu alale chumba kingine na afunge mlango, kwa sababu sikio la mtu anayeuguza halilali hata mwili ukilala. Kama nyumba ni ya chumba kimoja, asiye na zamu alale kwa jirani mnayeaminiana. Inawezekana, nimeona majirani wakikubali.

*Simu.* Ndiyo maana nikasema saa ya mezani. Simu ikae sebuleni. Kahawa na chai ya rangi ziishie saa 8 mchana, kwani baada ya kama saa tano nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Kuhusu zamu, mkiwa wawili gawaneni usiku katikati: mmoja saa 3 hadi saa 8 usiku, mwingine saa 8 hadi saa 1 asubuhi. Familia nyingi hupenda kupokezana, leo mimi kesho wewe. Siupendi mpango huo. Usiku mmoja wa kukesha unaharibu siku mbili, na hakuna anayepona kabla zamu yake haijarudi. Ukiwa peke yako, lala mara tu mgonjwa anapolala, vyombo vibaki. Na ikiwa lazima ugeuze kila saa mbili na uko peke yako, hakuna tabia njema itakayokuokoa. Unahitaji mtu mwingine walau usiku mbili kwa wiki. Ndiyo kazi ya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Ita kikao cha ndugu

Weka daftari mezani, au piga picha ukurasa uuweke kwenye kikundi cha familia. Usianze kwa kueleza ulivyochoka, maana mtaishia kubishana nani alichoka zaidi zamani. Waache wasome saa zilizoandikwa.

Kisha omba vitu vilivyo wazi. "Kaka, naomba Ijumaa na Jumamosi usiku uwe wewe." Kaka aliye mbali anayetuma fedha, mwombe alipie mtu wa usiku mbili, badala ya kutuma fedha isiyo na kazi maalumu. Na wanaume wasiachwe kwenye zamu kwa kisingizio cha aibu: mjomba anaweza kukesha na kuita mwanamke wa nyumbani pale tu panapohitaji stara.

Andika majina, bandika ukutani.

Hatua ya 4: Okoa mgongo

Pandisha kitanda kwa vipande vya mbao imara chini ya miguu yake hadi godoro lifike usawa wa nyonga zako, kama mgonjwa hawezi kujishusha mwenyewe. Kanga ikunje mara mbili, ilale chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Ukimgeuza au kumsogeza, vuta kanga, usivute mtu. Kunja magoti, sogea karibu naye. Usimnyanyue kwa kumshika makwapani, hasa upande uliopooza, kwa kuwa bega hilo hutoka kwenye kiungo kirahisi.

Hatua ya 5: Kula na kutembea

Kula kabla ya kumlisha, au mle pamoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Dakika kumi na moja asubuhi na kumi na moja jioni zinatosha. Nenda dukani kwa miguu, rudi kwa njia ndefu. Ukipita zahanati, pima presha yako pia.

Hatua ya 6: Hasira inapopanda

Itapanda. Umembadilisha sasa hivi na amechafua tena, au anakataa kumeza, au anakutukana kwa sababu kiharusi kimegusa ubongo wake. Ukihisi mkono umekuwa mzito, fanya haya kwa mpangilio: hakikisha hawezi kuanguka, toka nje ya chumba, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe kwa kuhesabu hadi sita. Endelea dakika tano. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, hiyo ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Kuhisi hasira hakukufanyi mtoto mbaya. Ukiona inakuja kila siku saa ileile, rudi kwenye daftari uone saa hiyo inatanguliwa na nini; mara nyingi ni njaa au usiku mbaya.

Hatua ya 7: Mtu mmoja wa kusema naye

Mtafute mtu anayejua kusikiliza bila kuharakisha ushauri. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, aliowafundisha kukaa kwenye benchi na watu waliolemewa na mawazo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo baadaye ulifika Malawi na Zanzibar.

Njia yao unaweza kuifuata na shangazi, rafiki au mama wa jumuiya: taja matatizo yote, msikilizaji asikatize. Chagueni moja linaloweza kufanyiwa kitu wiki hii. Amueni utafanya nini hasa, siku gani. Mkutane tena useme ilikuwaje. Binti wa Temeke alichagua kuwaambia wageni wa pole waje Jumapili mchana tu, badala ya kila jioni, na shangazi yake ndiye aliyekwenda kuwaambia.

Hatua ya 8: Wakati wa kwenda hospitali kwa ajili yako

Nenda ikiwa kwa wiki mbili mfululizo una huzuni au umepoteza hamu na karibu kila kitu, hulali hata zamu inapokuwa ya mwingine, umepungua uzito bila kutaka, au umeanza kutumia pombe au vidonge ili upate usingizi. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mgonjwa, usisubiri wiki mbili: mwite mtu aje akae nanyi sasa, na uende leo. Hospitali nyingi za wilaya na za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, na kwa Tanzania simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Ukifika kwa daktari usiseme "nimechoka tu", utapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Sema: "Namuuguza mgonjwa wa kitandani tangu mwezi fulani, nalala saa kadhaa, na mambo haya yameanza." Nenda na daftari.